Maji Ndiyo Siri ya Old Fashioned

Kokteli ya wiski iitwayo Old Fashioned ina vitu vinne tu: wiski, sukari, bita (pombe ya viungo vichungu inayotiwa kidogokidogo) na maji. Ukiongeza kipande cha ganda la chungwa, umemaliza. Ni orodha fupi, na bado ukianza kutafuta namna ya kuitengeneza utakutana na mafundi wanaopingana karibu katika kila jambo. Huyu anataka sukari ya donge, yule anataka shira. Mmoja anaponda chungwa na cheri ndani ya glasi, mwingine anasema tunda lolote likipondwa humo kinywaji kimeharibika. Mmoja anamalizia na soda, mwingine hataki hata kuisikia. Anayejaribu nyumbani kwa mara ya kwanza huishia na moja kati ya glasi mbili: kali inayochoma koo huku sukari imelala chini, au tamu na chapwa isiyo na harufu ya wiski.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huo, kwa ninavyoona, inatokana na kiungo kimoja kusahauliwa. Watu huhesabu wiski, sukari na bita, kisha wanaishia hapo. Maji hayatajwi kwenye maelezo mengi kwa sababu hutoka kwenye barafu, na barafu yenyewe watu huiona kama kitu cha kupoza tu. Ukishaelewa maji yanaingia lini, kiasi gani na kwa nini, ubishi mwingine mwingi unageuka kuwa suala la unachopenda wewe.

Jibu la mhariri wa Hudson

Mei 1806, gazeti la mji mdogo wa Hudson katika jimbo la New York lilichapisha habari ya kumkejeli mgombea aliyeshindwa uchaguzi, na ndani yake likataja kinywaji kiitwacho kokteli. Msomaji mmoja akaandika kuuliza hicho ni kitu gani. Tarehe 13 Mei mhariri, Harry Croswell, akajibu kwamba ni kinywaji cha kuchangamsha kinachotengenezwa kwa pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bita.

Jibu hilo linastahili kusomwa mara mbili. Maji yametajwa waziwazi, na barafu haimo. Kwa watu wengi wa wakati ule barafu ilikuwa kitu cha anasa. Mwaka huohuo wa 1806 ndipo Frederic Tudor wa Boston alipopeleka shehena yake ya kwanza ya barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts hadi kisiwa cha Martinique katika Karibi, biashara ambayo wengi waliiona ni wazimu na baadaye ikamtajirisha. Kabla barafu haijaenea, mtengenezaji alimimina maji kwa mkono wake na kuyaona. Barafu ilipoingia kwenye baa za Marekani ilichukua kazi ya maji, na taratibu maji yakatoweka kwenye maandishi ingawa hayakutoweka kwenye glasi.

Mengine yaliyofuata ni historia ya nyongeza. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, baa zilianza kutia pombe tamu za machungwa na cheri, na matone ya absinthe, pombe kali ya mitishamba. Baadhi ya wanywaji hawakupenda, wakawa wanaomba wapewe ile ya mtindo wa zamani, na jina likabaki. Gazeti la Chicago Tribune lilishataja kokteli za mtindo huo mwaka 1880. Hilo linatia shaka kubwa hadithi maarufu kwamba kinywaji hiki kilibuniwa katika klabu ya Pendennis mjini Louisville, Kentucky, kwa kuwa klabu hiyo ilianzishwa 1881. Kisha ikaja marufuku ya pombe Marekani, 1920 hadi 1933, na baada yake ndipo mtindo wa kuponda chungwa na cheri kwenye glasi na kumalizia kwa soda ulipozoeleka. Katika jimbo la Wisconsin hadi leo Old Fashioned hutengenezwa kwa brandi na kuongezwa soda, na watu wa huko wanaipenda hivyo.

Kwa hiyo maelezo unayokutana nayo yakipingana, mara nyingi si kwamba mmoja ni mwongo. Kila mmoja amejifunza kutoka kipindi chake. Hapa nafuata kipindi cha mwanzo, kwa sababu ndicho kinachomwezesha mtu kuelewa kila kiungo kinafanya nini.

Wiski gani

Old Fashioned ni ya bourbon au ya rai, aina mbili za Marekani. Bourbon kwa sheria ya huko lazima itokane na mchanganyiko wa nafaka ambamo mahindi si chini ya asilimia 51, na ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani hadi yakawa makaa. Mahindi huleta utamu, na ule mkaa wa mwaloni mpya huleta vanila, karameli na rangi. Rai nayo ina asilimia 51 au zaidi ya nafaka ya rai, jamaa ya ngano na shayiri, na ladha yake ni kavu, yenye ukali wa pilipili manga kwa mbali. Ukipata bourbon ya asilimia 45 hadi 50 ya alkoholi badala ya 40, ni bora zaidi kwa kazi hii, maana itavumilia maji bila kupotea.

Madukani kwetu Afrika Mashariki wiski ya Uskoti iliyochanganywa ndiyo imejaa zaidi, na inafaa. Imelazwa miaka isiyopungua mitatu kwenye mwaloni, mara nyingi mapipa yaliyokwisha kutumika, kwa hiyo haina vanila nyingi kama bourbon. Punguza sukari kidogo, la sivyo itafunikwa. Zile za Uskoti zenye moshi mwingi ziache kwanza, zitakuvuruga wakati bado unajifunza kuonja. Wala usifungue chupa ya bei ya harusi. Chagua wiski ambayo ungeweza kuinywa yenyewe bila kukunja uso, basi.

Soma lebo. Baadhi ya chupa za bei chee ni spiriti iliyotiwa rangi na harufu tu, na sukari haiwezi kuiokoa. Hakikisha stempu ya kodi ipo na kifuniko hakijachezewa. Na nasema kwa uzito wote: usitie humu gongo au chang'aa usiyojua ilipikwa na nani. Methanoli, alkoholi yenye sumu, haijitambulishi kwa ladha, na sukari na bita zitakuficha hata dalili ndogo ambayo ungeweza kuihisi. Watu wamepofuka na wamekufa kwa hilo.

Sukari inayokataa kuyeyuka

Ukidondosha sukari kwenye wiski na kukoroga, itazunguka na kurudi chini. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji lakini karibu haiyeyuki kabisa kwenye alkoholi tupu, na wiski iko katikati. Ukishatia barafu, hali inakuwa mbaya zaidi. Hapa kosa ni la mpangilio: mtu ametia pombe na barafu kabla sukari haijapata maji yake.

Njia ya zamani ni kuweka donge moja la sukari, au kijiko kidogo kisichojaa sana, kwenye glasi tupu, kulilowesha kwa bita na kijiko kidogo cha maji, kisha kusaga hadi uone uji laini. Inafanya kazi, na mkono unafurahia. Lakini kwa uaminifu, shira ni bora nyumbani kwa sababu unapata kipimo kilekile kila mara.

Shira hii ni ileile anayoijua kila aliyewahi kupika kaimati, ila usiitie hiliki wala arki. Pima gramu 200 za sukari na gramu 100 za maji, weka kwenye moto mdogo, koroga hadi chembe ziishe, kisha zima kabla haijachemka sana. Utapata zaidi kidogo ya mililita 220. Kijiko cha chai kimoja cha shira hii, yaani mililita 5, kina sukari gramu nne na kitu, sawa na lile donge moja. Ukitengeneza shira nyepesi, ya sukari na maji nusu kwa nusu, utahitaji mililita 7 kupata utamu huohuo. Watu wengi hukosea hapo: wanachukua kipimo cha shira moja na kumimina shira nyingine. Iweke kwenye chupa safi ndani ya friji. Kwa joto la kwetu, shira iliyoachwa mezani itaota ukungu.

Sukari ya kahawia inaendana na bourbon kuliko nyeupe. Sukari guru ni nzuri zaidi, ina uzito wa moshi na miwa ambao nauona umeumbiwa wiski hii. Ichuje tu kwa kitambaa baada ya kuyeyuka, maana mara nyingi ina nyuzi na taka.

Bita

Bita ni pombe kali iliyolowekwa mizizi, maganda na viungo vichungu. Ilianza kama dawa ya tumbo. Ile maarufu kuliko zote, Angostura, ilitengenezwa na Johann Gottlieb Benjamin Siegert, daktari Mjerumani aliyehudumu katika jeshi la Simón Bolívar huko Venezuela. Alianza kuiuza 1824 katika mji uliokuwa ukiitwa Angostura, ambao sasa ni Ciudad Bolívar. Familia yake iliihamishia biashara kisiwani Trinidad katika miaka ya 1870, na hadi leo inatengenezwa huko. Utaitambua kwa lebo yake ya karatasi iliyo kubwa kupita kiasi kwa chupa yenyewe.

Ina alkoholi asilimia 44.7, kwa hiyo anayejiepusha na pombe kabisa asidhani ni kiungo cha kawaida cha jikoni. Ila haitumiki kama pombe, hutumika kama chumvi kwenye mchuzi. Bila bita, ulicho nacho ni wiski yenye sukari, na utamu wake hukinaisha kabla hujafika nusu ya glasi. Uchungu kidogo huukata utamu huo, na viungo vilivyomo huunganisha harufu ya pipa na ya ganda la chungwa.

Kipimo chake kinachanganya wengi. Maelezo ya kigeni yanaposema mitikiso miwili, hayamaanishi matone mawili. Mtikiso mmoja, yaani kuipindua chupa na kuitikisa mara moja kwa nguvu, hutoa karibu mililita moja, matone kadhaa kwa pamoja. Anayehesabu matone mawili atapata kinywaji kisicho na bita kabisa, kisha atasema haoni tofauti. Kumbuka pia kwamba chupa iliyojaa hutoa kidogo kwa kila mtikiso kuliko chupa iliyobaki nusu.

Angostura hupatikana kwenye sehemu ya vileo ya maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, na chupa moja itakaa nawe muda mrefu bila kuharibika. Ukiikosa, unaweza kujitengenezea bita ya machungwa ambayo si sawa nayo lakini ina heshima yake. Tafuta madanzi, yale machungwa machungu yanayojulikana zaidi pwani na visiwani. Ganda la danzi ndilo hasa linalotumika katika bita za machungwa za Ulaya tangu zamani, kwa hiyo hapa hatubabaishi. Menya maganda ya madanzi mawili, yaanike siku mbili hadi yakauke, yatie kwenye chupa ya kioo pamoja na kipande cha mdalasini, hiliki mbili na karafuu nne, kisha mimina mililita 200 za vodka. Karafuu zitoe baada ya siku mbili, hasa kama ni za Pemba na bado mpya, la sivyo zitatawala kila kitu. Maganda yaache wiki mbili, ukitikisa chupa kila siku, kisha chuja. Sehemu nyeupe ya ganda, ambayo mahali pengine tunaikwepa, hapa iache kidogo, ndiyo yenye uchungu. Usijaribu kutia magome ya kwinini kwa kukisia. Ni dawa, na kipimo chake si cha jikoni.

Maji, yaani barafu

Wiski ya asilimia 40 ikinywewa bila maji, ukali wa alkoholi hutangulia puani na ulimini, na harufu nyingi zilizotoka kwenye pipa hazipati nafasi. Maji hushusha ukali huo. Pia ndiyo yanayofanya shira, bita na wiski vionjwe kama kitu kimoja badala ya vitu vitatu vinavyopishana mdomoni.

Sasa, kwa nini huwezi kupoza kwa barafu bila kuongeza maji? Gramu moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto la jouli 334 (jouli ni kipimo cha nishati). Gramu hiyohiyo ikipanda kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ya friza nyingi za nyumbani, hadi nyuzi sifuri bila kuyeyuka, hunyonya jouli 38 hivi tu. Kazi ya kupoza, karibu yote, hufanywa na kule kuyeyuka. Ndiyo maana vile vijiwe vya kupozea wiski vinavyouzwa kama zawadi havifai hapa: havitoi maji, na kwa kuwa haviyeyuki hata kupoza kwenyewe hupoza kidogo.

Tukifanya hesabu, mambo yanakuwa wazi zaidi. Chukua mililita 60 za wiski iliyokuwa kabatini Mombasa au Dar es Salaam kwenye nyuzi 28. Ili ishuke hadi nyuzi sifuri, karibu gramu 20 za barafu lazima ziyeyuke ndani yake. Wiski hiyohiyo ikitoka kwenye chumba cha nyuzi 18, tuseme Limuru au Njombe asubuhi ya baridi, itahitaji gramu 13 hivi. Tofauti ya gramu 7 kwenye glasi ndogo kiasi hiki utaionja. Maelezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa vyumba vyenye baridi, na sisi wa pwani tunayafuata neno kwa neno kisha tunashangaa kinywaji kimekuwa chepesi. Iingize chupa kwenye friji kwa muda mfupi kabla ya kuanza, na glasi pia, utakuwa umekaribia hali waliyoikusudia.

Lakini usivuke mpaka upande wa pili. Wapo wanaohifadhi wiski ndani ya friza wakidhani wanaisaidia. Wiski inayotoka humo ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri haiyeyushi barafu yoyote ya maana. Unapata kinywaji cha baridi kali chenye nguvu ya chupa, kizito, kisicho na harufu, na utakilaumu bure. Hapo inabidi urudi kwa mhariri wa Hudson na kumimina maji mwenyewe, mililita 15 hadi 20 za maji safi ya kunywa. Hakuna aibu yoyote kumimina maji. Ndivyo kinywaji hiki kilivyozaliwa.

Ukubwa wa barafu nao una sababu. Kipande kimoja cha mraba chenye sentimita 5 kila upande kina eneo la nje la sentimita za mraba 150. Barafu ileile ukiigawa vipande vinane vya sentimita mbili na nusu, eneo linakuwa 300, na kinywaji kinagusana na barafu mara mbili zaidi. Kwa kukoroga, vipande vidogo ni vizuri kwa sababu unataka kupoza haraka na maji yaingie. Kwa kunywea, kipande kikubwa ni bora, kwa kuwa ulishapata maji uliyoyataka na sasa unataka yapungue kasi. Kopo safi dogo la plastiki lililojazwa maji na kuwekwa kwenye friza linatosha kabisa. Hakuna haja ya vibao vya silikoni kutoka ng'ambo.

Barafu iliyolowa ni adui wa kimyakimya. Ikitolewa mapema ikaanza kutoa jasho, yale maji ya juu huingia kwenye kinywaji bila kupoza chochote. Itoe dakika ya mwisho, na kama imelowa, ikung'ute. Halafu onja barafu yako yenyewe. Iliyolala wiki mbili karibu na samaki itakuwa na samaki. Iliyotoka kwenye maji ya kisima yenye chumvi, kama visima vingi vya pwani, itakuwa na chumvi. Kiungo kinachofikia robo ya glasi hakiwezi kuwa maji ambayo usingeyanywa.

Anayetaka barafu ang'avu kama kioo ajaribu hivi: weka maji kwenye kasha dogo la kutunzia baridi bila kifuniko, liingize ndani ya friza. Kwa kuwa pembeni na chini pamezuiliwa, maji huganda kutoka juu tu, na hewa pamoja na chembe husukumwa chini. Litoe kabla sehemu ya chini haijaganda, kata ile iliyo safi kwa kisu cha mkate chenye meno. Ni uzuri wa macho zaidi kuliko ladha, lakini uzuri nao una nafasi yake mezani.

Kutengeneza

Kama huna kipimo cha baa, chukua kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kilichoandikwa mililita pembeni, kioshe vizuri. Kwa shira, bomba la sindano jipya bila sindano kutoka duka la dawa linapima mililita 5 kwa usahihi kuliko kijiko chochote.

Kwenye glasi ya kuchanganyia au jagi dogo, tia mililita 5 za shira nzito, mitikiso miwili ya bita na mililita 60 za wiski. Koroga kidogo kabla ya barafu ili shira iachane na kitako. Jaza barafu ndogo hadi ipite usawa wa kinywaji, koroga kwa mzunguko wa utulivu sekunde 20 hadi 30, ukisukuma barafu yote izunguke pamoja. Usitikise kwa nguvu kwenye chupa. Kutikisa huingiza mapovu na vipande vidogovidogo vya barafu, jambo jema kwa vinywaji vyenye maji ya ndimu au maziwa, lakini hapa kunakifanya kinywaji kuwa na ukungu na majimaji. Onja kwa kijiko mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzo kitachoma, katikati utamu utajitokeza, kisha utafika mahali ambapo wiski inasikika yote bila kuuma. Simama hapo. Ukizidi, kitaanza kuwa chapwa na hakirudi.

Chuja kwenye glasi fupi yenye kipande kikubwa cha barafu. Ungepima sasa ungekuta kama mililita 85 za kinywaji, na alkoholi imeshuka kutoka asilimia 40 hadi karibu 28.

Limebaki ganda. Harufu ya chungwa imo kwenye vifuko vidogo vya mafuta vilivyo kwenye ngozi ya nje, si kwenye juisi wala nyama yake. Menya utepe wa urefu wa kidole, mwembamba, ukiacha weupe mwingi kwenye tunda. Ushike juu ya glasi, upande wa rangi ukitazama kinywaji, uukunje kwa nguvu. Ukiangalia dhidi ya mwanga utaona mafuta yakiruka. Pitisha ganda kwenye ukingo wa glasi, kisha liache ndani. Wasiotilia maanani hatua hii wanapoteza theluthi ya raha, maana tunanusa kabla ya kunywa.

Na usihangaike kutafuta chungwa la rangi ya njano kali la kutoka nje. Machungwa yetu, yawe ya Muheza au kwingineko, hubaki kijani hata yakiiva kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kutosha kuondoa ukijani kwenye ganda. Mafuta yamo vilevile. Osha tu vumbi na nta. Chenza nalo linafaa mno, ganda lake lina harufu tamu inayokaa vizuri na bourbon. Ndimu naiacha, harufu yake inamfunika kila mwenzake.

Cheri ya kopo, nyekundu ya kung'aa, sioni kazi yake hapa.

Glasi hii moja ina mililita 24 za alkoholi tupu, takriban gramu 19, karibu sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Tofauti ni kwamba bia inachukua muda kunyweka, na hii ni ndogo na laini. Kwa hiyo mbili ni nyingi, na baada ya hata moja funguo za gari apewe mwingine. Mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na pombe, na anayejua kwamba akianza haachi, kinywaji hiki si chao.

Wakija wageni kumi, tengeneza kwenye chupa mapema, na hapo utaona kama umelielewa suala la maji. Changanya mililita 600 za wiski, mililita 50 za shira nzito, mililita 15 za bita, kisha ongeza mililita 150 za maji safi, kwa sababu hakutakuwa na kukoroga kwa barafu. Jumla inazidi mililita 800, kwa hiyo tumia chupa ya lita moja. Iweke kwenye friji saa nne au zaidi. Kwenye friza mchanganyiko huu unaweza kuanza kuganda kwa kuwa hauna tena nguvu ya wiski tupu. Mgeni akifika, mimina mililita 80 juu ya kipande kikubwa cha barafu, mpe dakika moja, kisha kunja ganda la chungwa juu ya glasi yake hapohapo. Ganda usilitie kwenye chupa mapema: weupe wake utatoa uchungu usioutaka, na mafuta yatakuwa yameshapotea kabla ya kumfikia.